Nyumba ya Dola 102,000: Uchambuzi wa Ununuzi Mmoja Phoenix, 2011

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, kuta zake rangi ya mchanga, na upande wa nyuma palikuwa na kitako cha zege chenye boliti nne tupu. Hapo ndipo mashine ya nje ya kiyoyozi ilipokuwa kabla wezi hawajaing'oa. Mwaka 2006 nyumba hiyo iliuzwa dola 258,000. Julai 2011 ilikuwa inauzwa dola 104,900. Mume na mke wa kisa hiki walisimama kwenye uwanja wa nyuma, jua likiwaka, na mume akasema kwa bei ile mtu hawezi kukosea. Angeweza kukosea, tena vibaya, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kupitiwa hatua kwa hatua.

Niseme mapema kwamba familia hii, nyumba zake tatu na hesabu zake nimeziunda mwenyewe kutokana na mambo yaliyokuwa ya kila siku Arizona miaka ile. Soko, sheria na aina za mikopo ni kama zilivyokuwa.

Phoenix, katika jimbo la Arizona, ulikuwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi Marekani. Kipimo cha bei za nyumba cha Case-Shiller huanza kuhesabu Januari 2000 kwa alama 100. Katikati ya 2006 Phoenix ilikuwa imevuka 220, na kufikia nusu ya pili ya 2011 ilikuwa imerudi karibu na 100. Kwa nchi nzima bei zilishuka kwa asilimia 27 hivi kutoka kilele hadi chini, lakini Phoenix ilipoteza zaidi ya nusu, na Las Vegas ikapoteza zaidi hata ya Phoenix. Watu walikuwa wamekopeshwa bila kuulizwa sawasawa kipato chao, wengine kwa riba iliyoanza chini halafu ikapanda baada ya miaka miwili au mitatu. Bei zilipoacha kupanda, njia yao ya kutokea ikaziba: hawakuweza kuuza wala kukopa upya. Septemba 2008 serikali ilizichukua chini ya uangalizi wake Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, na wiki moja baadaye benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikafilisika.

Arizona ilikuwa na jambo lake la ziada. Huko mkopeshaji hahitaji kwenda mahakamani ili kunadi nyumba. Anasajili tangazo, siku tisini zinapita, nyumba inapigwa mnada. Na kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, sheria mara nyingi humzuia kumfuata mkopaji kwa deni linalobaki. Kwa hiyo aliyekuwa anadaiwa dola 240,000 kwa nyumba yenye thamani ya 110,000 alikuwa na sababu ya kuacha funguo mezani na kuondoka. Nyumba zilimiminika sokoni kwa kasi, na kwa kasi hiyo hiyo bei zikazama.

Mume alifanya kazi ghalani, mke maabara ya hospitali. Kwa pamoja waliingiza dola 4,300 kwa mwezi kabla ya makato, walilipa kodi ya pango dola 1,050, na walikuwa na akiba ya dola 17,000. Mwaka uliotangulia walijiona wameachwa na gari. Serikali ilikuwa inawapa wanunuzi wa mara ya kwanza nafuu ya kodi ya hadi dola 8,000, mradi mkataba uwe umesainiwa kufikia tarehe 30 Aprili 2010. Wao walichelewa, na mke alilia siku ile. Lakini baada ya tarehe hiyo kupita, mauzo yalianguka nchi nzima na bei za Phoenix zikaendelea kuteremka. Kwa nyumba ya dola 130,000, mteremko wa asilimia 7 tu unatosha kumeza zile 8,000 na kubakiza deni. Waliokimbilia nafuu ile walikuwa watu wa kawaida waliofanya kile ambacho kila tangazo liliwahimiza kufanya. Sioni sababu ya kuwalaumu, ila naona sababu ya kukumbuka kwamba zawadi yenye tarehe ya mwisho humsukuma mtu kutazama kalenda badala ya nyumba.

Jaribio lao la kwanza lilikuwa mnadani. Binamu yake mume alikuwa ameona nyumba inayoanzia dola 41,000, akawaambia wachangishane kwa ndugu walipe taslimu. Sharti lilikuwa kuja na hundi ya benki ya dola 10,000 kama dhamana na kumalizia salio siku ya kazi inayofuata. Hakuna kuingia ndani ya nyumba, hakuna mkaguzi, hakuna kurudisha. Dola 41,000 kwa nyumba ambayo majirani zake zilikuwa zinauzwa 110,000! Mke ndiye aliyeuliza swali lililowaokoa: mbona wawekezaji waliozoea mnada ule, watu wenye karatasi zao na simu masikioni, hawaizungumzii nyumba hii? Wakalipa ada ndogo kwa kampuni ya hati ili ipekue kumbukumbu. Ikaonekana kwamba anayenadi ni mwenye mkopo wa pili. Mkopo wa kwanza, zaidi ya dola 190,000, ulikuwa mbele yake na ungebaki juu ya nyumba baada ya mnada. Aliyeshinda angenunua haki ya kusimama nyuma ya deni kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Nimekutana na mtego huu mara nyingi katika kusoma habari za minada hiyo, na kila mara huniuma, kwa sababu hauna udanganyifu wowote ndani yake. Kila kitu kimeandikwa kwenye kumbukumbu za kaunti. Anayeumia ni yule aliyeona tarakimu ndogo akadhani ndiyo bei.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa bado anaishi humo, aliyekuwa akidaiwa kuliko thamani ya nyumba na akitaka kuuza kwa hasara kwa ridhaa ya benki. Waliafikiana dola 118,000. Yeye hakuwa na shida. Shida ilikuwa wakopeshaji wawili. Wa kwanza alichukua miezi mitatu kujibu. Wa pili, ambaye asingepata chochote kama nyumba ingenadiwa, alidai kipande kikubwa kuliko wa kwanza alichokubali kutoa. Wakati idara moja ya mkopeshaji wa kwanza inajadili mauzo, idara nyingine iliendelea na taratibu za mnada, na mwezi wa tano nyumba ikanadiwa. Familia ilikuwa imesubiri miezi mitano, na yule mama alipoteza alichokuwa anajaribu kukiokoa, yaani kuondoka kwa heshima. Yeye ndiye aliyeumia zaidi katika kisa hiki chote.

Ndipo ikaja nyumba ya kitako cha zege.

Ilikuwa mali ya Fannie Mae baada ya mnada kukosa mnunuzi. Hapa kulikuwa na kanuni iliyowasaidia sana: utaratibu wa First Look, ambao kwa siku 15 za mwanzo ulipokea maombi ya watakaoishi ndani wenyewe na ya taasisi za umma tu, wawekezaji wakisubiri nje. Phoenix ya 2011 ilijaa wanunuzi wenye fedha taslimu. Familia yenye mkopo ikishindana nao ilipigwa kila mara, hata ikitoa bei ya juu, kwa sababu taslimu haina mthamini wala afisa mikopo wa kuisimamisha. Zile siku 15 zilikuwa mlango pekee ulioachwa wazi kwa watu kama hawa. Waliwasilisha ombi siku ya 12, dola 102,000, na kuomba muuzaji achangie dola 3,000 za gharama za kufunga mauzo. Likakubaliwa.

Mkataba uliwapa siku kumi za kukagua. Dalali wao aliwashauri wazitumie zote, na alisisitiza jambo moja ambalo wengi hulikwepa ili kuokoa dola mia mbili au tatu: kuwasha umeme na maji kabla ya ukaguzi. Nyumba za benki hukaa zimekatiwa huduma zote. Bomba lisilo na maji halivuji.

Mkaguzi alifungua valvu kuu polepole. Kwa dakika moja hakukuwa na kitu. Kisha mke, aliyekuwa kwenye korido, akainua mkono watu wanyamaze. Ndani ya ukuta wa bafu kulikuwa na mlio mwembamba, kama mtu anayepumulia kati ya meno. Mkaguzi aliweka kiganja ukutani, akashuka nacho taratibu hadi karibu na sakafu, akasema hapa. Valvu ikafungwa. Wezi walipovuta mabomba ya shaba ya kiyoyozi kupitia ukuta ule walikuwa wamelegeza kiungo cha bomba la maji. Hita ya maji ilikuwa imeoza chini. Nyaya za umeme za mashine ya nje zilikatwa zikaachwa zinaning'inia. Paa, kwa bahati, lilikuwa zima, na msingi haukuwa na ufa wa maana.

Makadirio yalitoka hivi: mashine mpya ya joto na baridi dola 6,200, hita ya maji 900, mabomba na umeme 1,400, ukuta, choo na vifaa vya jikoni 2,500. Jumla 11,000.

Hapo ndipo ununuzi ulipokaribia kufa, na sababu haikuwa bei. Walikuwa wameidhinishiwa mkopo unaodhaminiwa na FHA, shirika la serikali la bima ya mikopo ya nyumba, wenye kianzio cha asilimia 3.5. Mkopo huo hudai nyumba iwe inakalika siku ya kufunga mauzo, pamoja na kuwa na chanzo cha joto. Katika nyumba hii ile mashine iliyoibiwa ndiyo iliyotoa baridi wakati wa kiangazi na joto wakati wa baridi, kwa hiyo kisheria nyumba haikuwa na joto. Benki iliuza kama ilivyo, haikuwa tayari kurekebisha. Nao hawakuruhusiwa kuingia kufunga mashine ya dola 6,200 kwenye nyumba isiyo yao, na wala isingekuwa busara.

Hiki ndicho kiini cha kisa, na ningependa msomaji akae nacho kidogo. Nyumba nyingi za mporomoko zilikuwa za bei ya chini kwa sababu hazikopesheki. Upande mmoja nyumba haina mashine, upande mwingine mabenki yamekuwa magumu, na katikati panabaki wenye taslimu peke yao. Punguzo unaloliona kwenye bango ni malipo kwa yule awezaye kubeba tatizo hilo. Asiyeweza kulibeba hapati punguzo, hata bango liseme nini.

Walilibeba kwa mkopo mwingine wa FHA, ule wa 203(k) wa njia fupi, uliochanganya bei ya nyumba na ukarabati, wakati huo wa hadi dola 35,000, katika deni moja. Mthamini hutazama nyumba itakavyokuwa baada ya kazi. Fundi hulipwa sehemu mwanzoni na iliyobaki akimaliza. Una karatasi nyingi, riba yake iko juu kidogo, na maafisa mikopo wengi hawaupendi kwa sababu ni kazi zaidi kwa malipo yale yale. Wawili wa kwanza waliwaambia haiwezekani. Wa tatu alikuwa ameshafunga mikopo kadhaa ya aina hiyo.

Sasa hesabu. Bei 102,000, ukarabati 11,000, akiba ya dharura ya ukarabati na ada nyingine karibu 2,000. Gharama halisi ya nyumba ikawa 115,000. Mthamini aliweka thamani baada ya ukarabati kuwa 118,000, na nyumba tatu za mtaa ule zilizokuwa katika hali nzuri ziliuzwa miezi mitatu iliyopita kati ya 112,000 na 120,000.

Itazame vizuri. Ukilinganisha na 2006, mume alikuwa amepata punguzo la asilimia 60. Ukiongeza ukarabati, linakuwa 55. Ukilinganisha na jirani wa mwezi uliopita, punguzo ni karibu na sifuri. Walikuwa wananunua kwa bei ya soko la siku ile, si senti pungufu. Bei ya 2006 ilikuwa bei ya watu waliokopeshwa fedha ambazo hawangeweza kurudisha, na hakuna aliyekuwa akiitoa tena. Kuitumia kama kipimo ni kupima kwa futi iliyovunjika.

Je, ilikuwa bei nzuri? Naamini ndiyo, ila kwa sababu nyingine. Kianzio cha asilimia 3.5 kilikuwa dola 4,025. Deni, pamoja na ada ya mwanzo ya bima ya FHA ya asilimia moja, likawa dola 112,085. Kwa riba ya asilimia 4.75 kwa miaka 30, rejesho la mwezi ni dola 585. Bima ya mkopo, ambayo tangu Aprili 2011 ilikuwa asilimia 1.15 kwa mwaka, ni dola 106 kwa mwezi. Kodi ya majengo 95, bima ya nyumba 55, ada ya chama cha wamiliki 40. Jumla 881. Ukitenga dola 100 kila mwezi kwa matengenezo, na lazima uzitenge, unafika 981. Pango lao lilikuwa 1,050, kwa nyumba ndogo kuliko hii.

Mlinganishe na aliyenunua nyumba hiyo hiyo 2006. Kama alikopa bei nzima kwa riba ya asilimia 6.4, rejesho lake peke yake, bila bima wala kodi, lilikuwa dola 1,614, wakati angeweza kupanga nyumba kama ile kwa fedha pungufu sana. Bei ya 258,000 ni pango la miaka 20 kwa kiwango cha dola 1,050 kwa mwezi. Gharama ya 115,000 ni pango la miaka tisa. Hapo ndipo uzuri wa bei ulipo, na unaonekana bila kuitaja kabisa historia ya nyumba.

Mke hakuridhika. Aliuliza: zikishuka tena? Swali lilikuwa halali kabisa. Watu walikuwa wametangaza mwisho wa mporomoko 2009, wakatangaza tena 2010. Tukisema bei zinashuka asilimia 15 ndani ya mwaka mmoja, nyumba inakuwa na thamani ya dola 97,750 na deni bado ni karibu 110,350. Wangekuwa chini ya maji, yaani deni likizidi thamani ya nyumba, kwa zaidi ya dola 12,000. Kwa kianzio kidogo kama kile, hata mteremko wa asilimia 5 ungetosha kuwazamisha. Mtu anayeweza kuhamishwa kikazi baada ya miaka miwili hapaswi kununua kwa masharti haya hata kidogo. Gharama za kuuza peke yake zingemmaliza. Wao walikuwa na watoto shule, kazi mbili katika sekta tofauti, na nia ya kukaa miaka kumi. Thamani ya nyumba ingeshuka, rejesho la 585 lisingebadilika.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: mkopeshaji aliwaambia wanaweza kukopa hadi dola 160,000. Wangepata nyumba yenye bwawa. Walikataa. Kwa mwezi walitumia karibu moja ya tano ya kipato chao, na baada ya kianzio, gharama za kufunga mauzo na ukaguzi, akiba yao ilibaki dola 12,000, zaidi ya miezi 13 ya malipo yote ya nyumba. Katika nchi ambayo watu waliachishwa kazi kwa mamilioni, miezi 13 ndiyo iliyokuwa nyumba yenyewe.

Nina lawama moja kwao. Hawakuangalia fedha na kumbukumbu za chama cha wamiliki wa mtaa hadi wiki ya mwisho. Katika mtaa ambao kila nyumba ya sita ni tupu, ada hazilipwi, na chama kikikauka waliobaki hupandishiwa. Chao kilikuwa salama, lakini walijua hilo mkopo ukiwa karibu kukamilika.

Oktoba 2011 walisaini. Mwaka 2012 bei za Phoenix zilipanda kwa asilimia 23 hivi, kuliko mji mwingine wowote mkubwa kwenye kipimo kile. Sihesabu hilo kama ushahidi kwamba waliamua vizuri, kwa sababu hawakulijua, na hesabu yao haikulihitaji.

Siku ya kwanza ndani ya nyumba, mke alifungua droo ya jikoni akakuta karatasi za faksi zimekunjwa pamoja. Mwenye nyumba wa awali alikuwa ameomba kupunguziwa rejesho. Ombi lile lile, stabadhi za mshahara zile zile, lilikuwa limetumwa mara sita kwa namba moja, na kila risiti ya mashine ilionyesha kurasa 34 zimefika. Alimwuliza dalali azipeleke wapi. Dalali hakujua. Nje, fundi alikuwa anakaza nati kwenye boliti ya nne.